Michezo ya Intaneti na Kuenezwa kwa Riwaya

Kitabu kilichokwisha kupigwa chapa bado hakijamfikia msomaji. Baina ya ghala ya mchapishaji na mkono wa msomaji pana safari, na tangu zamani wachapishaji wamejaribu kuifupisha safari hiyo kwa matangazo ya magazeti, kwa mihadhara ya waandishi, kwa mashindano na kwa zawadi. Katika zama hizi imeongezwa njia nyingine juu ya hizo, nayo ni mchezo unaochezwa kwa kompyuta au kwa simu katika intaneti. Katika mchezo huo mtu hakai akatazama tu, bali hutenda: huchagua njia, hujibu swali, hutafuta kidokezo, na kwa kutenda kwake hadithi husonga mbele. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya michezo hiyo, namna inavyofanya kazi, na masharti ambayo yakikosekana faida ya mchezo humwendea mtu mwingine, naye mwandishi akasahauliwa.

Yafaa kwanza kupambanua aina tatu ambazo aghalabu huchanganywa. Aina ya kwanza ni mchezo unaoisimulia riwaya upya, yaani watu wake, mahali pake na matukio yake hutolewa kitabuni yakatiwa katika kompyuta. Ya pili ni mchezo ambao majibu yake yamo kitabuni, hata asiyekisoma kitabu hawezi kuumaliza. Ya tatu ni hadithi iliyotungwa tangu mwanzo ili isomwe kwa kuchezwa, nayo hutolewa bure ili imjulishe msomaji kwa mwandishi na kwa vitabu vyake vingine. Kila aina humpeleka mtu mahali pake. Ya kwanza yaweza kumtosheleza asikitafute kitabu tena. Ya pili humrudisha kitabuni kwa lazima. Ya tatu humwonjesha kalamu ya mwandishi kabla hajatoa fedha.

Asili ya michezo hii ni maneno, wala si picha. Katikati ya miaka ya 1970 Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aliyependa kuingia mapangoni, alitunga mchezo ulioitwa Adventure kwa kufuata sura ya pango la Mammoth lililoko Kentucky. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupanua, nao ukaenea kwa mtandao wa ARPANET uliotangulia intaneti. Mchezaji alisoma maelezo ya mahali alipo, kisha akaandika amri fupi ya neno moja au mawili, kama vile kuchukua taa au kwenda kaskazini, na kompyuta ikamjibu kwa maelezo mengine. Hapakuwa na picha hata moja. Mtu asiyependa kusoma hakuwa na la kufanya humo, na kwa sababu hiyo si ajabu kwamba watu wa vitabu walivutwa na jambo hili mapema.

Mwaka 1982 kampuni ya Melbourne House ilitoa mchezo wa The Hobbit, uliotokana na riwaya ya J. R. R. Tolkien ya mwaka 1937. Mchezo huo ulitengenezwa na Beam Software huko Melbourne, Australia, nao uliweza kupokea sentensi nzima mahali pa amri ya maneno mawili. Lakini lililo kubwa zaidi kwa habari hii ni kwamba ndani ya sanduku la mchezo iliwekwa nakala ya riwaya yenyewe. Aliyenunua mchezo alikuwa amekwisha kupata kitabu, na alipokwama njiani kitabu kilikuwa karibu yake kumsaidia. Ijapokuwa mchezo huo ni wa aina ya kwanza, mchapishaji aliupa tabia ya aina ya pili kwa kuviweka vitu viwili katika sanduku moja.

Mfano wa miaka miwili baadaye unafundisha jambo jingine. The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ya Douglas Adams ilianza kuwa mchezo wa redio wa BBC mwaka 1978, ikawa riwaya mwaka 1979, na mwaka 1984 ikawa mchezo wa kompyuta uliotolewa na kampuni ya Infocom ya Marekani. Adams mwenyewe aliutunga pamoja na Steve Meretzky. Mwanzo wa mchezo ni mwanzo wa riwaya: Arthur Dent anaamka asubuhi na nyumba yake iko karibu kubomolewa. Aliyesoma kitabu hudhani kuwa anazo funguo zote, lakini punde mchezo huiacha njia ya kitabu na kumfanyia mzaha yule anayekitegemea mno. Mwaka 2004 BBC iliuweka mchezo huo katika tovuti yake ili uchezwe bure, na mwaka 2014 iliutoa tena katika sura mpya. Kwa njia hiyo watu waliokuwa hawajazaliwa mwaka 1984 walikutana na kalamu ya Adams, naye alikuwa amefariki mwaka 2001. Mchezo ulioandikwa na mwandishi mwenyewe hubeba sauti yake, na sauti ndiyo inayomfanya mtu atake kusoma zaidi.

Intaneti ilipoenea majumbani na mashuleni, aina ya pili ilipata nguvu. Mwaka 2008 kampuni ya Scholastic ya Marekani ilianzisha mfululizo wa vitabu vya vijana ulioitwa The 39 Clues. Rick Riordan, aliyekuwa mwalimu kabla ya kushika kazi ya uandishi, alipanga mkondo wa hadithi na kuandika kitabu cha kwanza; vilivyofuata viliandikwa na waandishi wengine, miongoni mwao Gordon Korman, Peter Lerangis, Jude Watson na Linda Sue Park. Pamoja na kila kitabu zilitolewa kadi zenye namba za siri. Kijana aliziandika namba hizo katika tovuti, akapewa mafumbo ya kufumbua, na zawadi zilizoahidiwa zilizidi jumla ya dola 100,000. Vitabu kumi vya kwanza vilitoka kati ya mwaka 2008 na mwaka 2010. Zawadi zilivuta macho, lakini faida ya kudumu ilikuwa nyingine: kijana aliyemfuata Riordan alijikuta anamsoma Park au Korman, kwa kuwa fumbo lake lilikuwa limeendelea katika kitabu cha mwandishi huyo. Mwandishi mashuhuri aliwatangulia wenzake, nao wakapokea wasomaji kutoka kwake.

Pottermore, tovuti iliyotangazwa na J. K. Rowling mwezi wa Juni 2011, ilitumia kanuni hiyo hiyo hata kabla ya kufunguliwa kwa watu wote. Kwa siku saba, tangu tarehe 31 Julai mpaka tarehe 6 Agosti 2011, kila siku liliulizwa swali moja ambalo jibu lake lilikuwa ni hesabu ya kitu fulani kilichotajwa katika riwaya zake. Mtu alikitafuta kitabuni, akaizidisha hesabu hiyo kwa namba aliyopewa, na jawabu likamfungulia ukurasa wa kujiandikisha. Hapakuwa na ufundi mkubwa katika jambo hilo, lakini lilipangwa kwa akili, kwa maana liliwafanya watu waliokwisha soma kitabu miaka mingi nyuma wakitoe tena rafuni. Mwaka 2012 tovuti ilifunguliwa kwa wote, na humo humo ziliuzwa nakala za riwaya zinazosomwa kwa kompyuta.

Aina ya tatu ilionekana wazi kabisa katika kazi ya kampuni ya Penguin ya Uingereza, iliyoanza mwezi wa Machi 2008 na kuitwa We Tell Stories. Penguin ilishirikiana na Six to Start, watengenezaji wa michezo wa London, na ikawaalika waandishi wake watunge hadithi sita zitolewe katika majuma sita. Kila hadithi ilipata wazo lake katika kitabu kimoja cha zamani ambacho Penguin ilikuwa ikikiuza. Charles Cumming alianza kwa riwaya ya John Buchan ya mwaka 1915, The Thirty-Nine Steps, akaandika habari ya mtu anayekimbizwa. Msomaji aliifuata juu ya ramani ya intaneti, hatua kwa hatua, kila sehemu ya habari ikitokea pale pale inapotendeka. Nicci French, jina linalotumiwa na mume na mke wanaoandika pamoja, walianza kwa Thérèse Raquin ya Émile Zola, nao waliandika hadithi yao mbele ya macho ya wasomaji, saa moja kila siku kwa siku tano. Kevin Brooks aliwaacha wasomaji wamsaidie kuamua mambo ya hadithi iliyofuata njia ya Hans Christian Andersen. Mohsin Hamid, mwandishi wa Pakistani, aliichukua Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa tafsiri ya lugha yao, akatunga hadithi ya jenerali mzee ambayo msomaji huipitia kwa kuchagua upande wa kwenda. Zaidi ya hayo ilifichwa hadithi ya saba ndani ya intaneti, ili wenye subira waitafute.

Katika kazi hiyo hapakuwa na mnyama wa kupigwa risasi wala gari la kushindana mbio. Kitendo alichotakiwa mchezaji akitende kilikuwa ni kusoma, na kila alipotenda alisoma sehemu nyingine. Tena kila hadithi ilikuwa na milango miwili ya kutokea: mmoja ulielekea kwenye vitabu vya mwandishi aliye hai, na wa pili ulielekea kwenye kitabu cha kale kilichompa wazo. Hapa ndipo panapoonekana kanuni inayounganisha mifano yote iliyotajwa. Mchezo huieneza riwaya kadiri kusoma kunavyokuwa ndio ufunguo wake. Ikiwa mchezaji aweza kufika mwisho bila ya kusoma, mchezo umejieneza wenyewe tu.

Hatari za njia hii ni tatu, nazo zimekwisha kutokea. Ya kwanza ni haki ya mwandishi. Andrzej Sapkowski wa Poland alianza kuandika habari za mwindaji wa majini aitwaye Wiedźmin mwaka 1986, na riwaya zake zikapendwa sana nchini mwake. Kampuni ya CD Projekt ya nchi hiyo hiyo ilipotaka kutengeneza mchezo, Sapkowski alikubali kulipwa fedha mara moja badala ya kupewa fungu la faida, kwa kuwa hakutumaini kwamba mchezo huo ungefaulu. Mchezo wa kwanza ulitolewa mwaka 2007, wa tatu mwaka 2015, nayo ikawa miongoni mwa michezo iliyouzwa sana duniani. Mwaka 2018 mwandishi alidai alipwe zloty zisizopungua milioni 60, na mwezi wa Desemba 2019 pande mbili zilifanya mapatano mapya. Fedha si jambo pekee lililomuudhi. Alilalamika pia kwamba vitabu vyake vilitolewa katika nchi za kigeni vikiwa na picha za mchezo juu ya jalada, hata watu wakadhani kuwa riwaya ndiyo iliyotokana na mchezo. Baba aligeuzwa kuwa mtoto.

Mwandishi wa Urusi, Dmitry Glukhovsky, aliuona upande wa pili wa jambo hilo. Aliianza riwaya yake Metro 2033 kwa kuiweka bure katika tovuti yake mwaka 2002, ikapigwa chapa mwaka 2005, na mwaka 2010 ikawa mchezo wa kompyuta. Yeye amesema hadharani kwamba michezo ndiyo iliyozifungulia riwaya zake, na hata zile za Sapkowski, njia ya kutafsiriwa na kusomwa mbali. Maneno ya waandishi hawa wawili hayapingani kama yanavyoonekana. Yote mawili ni kweli: mchezo unaweza kuongeza wasomaji wa kitabu, na wakati huo huo ukampunguzia mwandishi fungu lake na heshima yake, ikiwa mkataba uliandikwa bila ya kufikiri mbele.

Hatari ya pili ni mfanyabiashara anayeingia kwa mlango wa mchezo. Mwaka 2006 kilitoka Marekani kitabu cha vijana kilichoitwa Cathy's Book, kazi ya Sean Stewart na Jordan Weisman. Pamoja nacho palikuwa na barua, picha, namba za simu na anwani za intaneti, na msomaji aliyepiga simu hizo alisikia sauti za watu wa hadithi. Lakini kwa mapatano na watengenezaji wa vipodozi, majina ya bidhaa zao yaliingizwa katika hadithi, nao kwa upande wao wakakitangaza kitabu katika tovuti yao ya wasichana. Jambo hilo lilipingwa kwa nguvu, na kitabu kilipotolewa kwa jalada jepesi mwaka 2008 majina hayo yaliondolewa. Swali lililobaki ni hili: mchezo unapolipiwa na mtu wa tatu, ni nani hasa anayeshika kalamu?

Hatari ya tatu ni ufupi wa maisha ya mchezo. Pottermore iligeuzwa mwaka 2015, ikaacha ile sura yake ya kupitia riwaya sura kwa sura, na mwaka 2019 habari zake zilihamishiwa katika tovuti nyingine. Programu huchakaa, tovuti hufungwa, na namba za simu hukatwa. Kitabu kilichotegemea mchezo ili kieleweke huachwa yatima. Kwa hiyo yapasa riwaya isimame kwa miguu yake, na mchezo uwe ngazi tu ya kuipandia.

Mambo haya yana uhusiano gani na fasihi ya Kiswahili? Uhusiano wake ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa, kwa kuwa maneno yanayochezwa si jambo geni kwa Waswahili. Mtegaji husema "Kitendawili", nao wasikilizaji huitika "Tega". Anayeshindwa hutoa mji, na mtegaji akiisha kuupokea mji ndipo anapotoa jibu. Kitendawili kina kila kilichomo katika mchezo wa intaneti: fumbo, mashindano, tuzo, na jibu linalozuiliwa mpaka litafutwe. Hali kadhalika ushairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu, na katika karne ya 20 kurasa za gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, zilikuwa uwanja wa washairi kuulizana na kujibizana. Msomaji wa kurasa hizo hakuwa mtazamaji tu; juma hili alisoma na baadaye akajibu.

Riwaya nayo inayo mifano iliyo tayari. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, iliyopata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 na kupigwa chapa mwaka 1960, ni habari ya mauaji yanayochunguzwa na Bwana Msa. Riwaya ya upelelezi tangu asili yake ni mchezo baina ya mwandishi na msomaji, kila mmoja akijaribu kumtangulia mwenzake kwenye ukweli. Si vigumu kufikiri mchezo wa simu ambao ndani yake msomaji hupewa kila siku maneno ya shahidi mmoja, akatakiwa aseme ni nani anayedanganya, na ushahidi wa kulithibitisha jibu lake ukawa katika kurasa za riwaya. Mchezo wa maandishi hauhitaji mashine ya gharama, wala hauli fedha nyingi za intaneti kama picha zinavyokula.

Lugha yenyewe inatoa msaada ambao wataalamu wa sarufi wataufurahia. Katika michezo ya Kiingereza iliyopokea amri za kuandikwa, neno moja la kurejelea kitu lilitumika kwa taa, kwa mlango na kwa sanduku, na programu ilibidi ikisie ni kitu gani kilichokusudiwa, aghalabu kwa kukumbuka kile kilichotajwa mwisho. Kiswahili hupambanua kwa ngeli. Akiandika mchezaji "ufungue", mlango ndio uliokusudiwa. Akiandika "kifungue", ni kisanduku. Akiandika "lifungue", ni dirisha. Akiandika "zifungue", ni barua nyingi. Utata hubaki pale tu ambapo vitu viwili vinavyotumia kiambishi kimoja viko mahali pamoja, au pale ambapo "ufungue" yaweza kuwa pia ni kuambiwa mtu afungue bila ya kutajwa kitu. Kwa upande mwingine, programu lazima iweze kulichambua tendo moja katika sura zake zote, yaani kiambishi cha mtendwa, shina na irabu ya mwisho, na kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa kunakili mchezo wa Kiingereza na kubadili maneno. Hapa mtunga programu hana budi kumwendea mwanasarufi.

Pana onyo moja la mwisho. Riwaya nyingi za Kiswahili husomwa kwa sababu zimewekwa katika mtihani, na mtihani ukiisha huwekwa kando. Mchezo ukiuliza maswali ya namna ile ile, kama vile jina la mhusika, dhamira ya sura au maana ya methali, utakuwa mtihani mwingine uliovikwa nguo za rangi, na kijana ataukimbia. Swali la mchezo sharti liwe ni lile ambalo msomaji angejiuliza mwenyewe: ni nani aliyefanya, ni nini kitakachotokea, mimi ningalikuwa yeye ningalitenda nini?

Basi kwa mchapishaji wa Kiswahili anayeazimia kushika njia hii, masharti ni manne. Kusoma kuwe ndiko kunakoufungua mchezo. Mwandishi, au warithi wake ikiwa amefariki, wawe na neno katika utungaji wake. Mkataba utaje fungu la faida, muda wa ruhusa, na jina la mwandishi mahali pa wazi, ili yaliyomfika Sapkowski yasimfike mtunzi wa Unguja au wa Mombasa ambaye hana nguvu ya kudai kama yeye. Na riwaya ibaki kamili hata siku mchezo utakapozimwa. Masharti haya yakishikwa, mchezo utafanya kazi ile ile iliyofanywa na kitendawili barazani: kumfanya mtu asikubali kuondoka kabla hajapata jibu.